Matibabu ya Selimundu: Fedha Ianzie Wapi?

Tarehe 8 Desemba 2023 Marekani iliidhinisha kwa mpigo tiba mbili za vinasaba kwa wagonjwa wa selimundu, Casgevy na Lyfgenia. Ya kwanza ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ya pili kwa dola milioni 3.1. Ukiigeuza hiyo ya bei ya chini kuwa shilingi za Tanzania, unapita bilioni 5. Kwa shilingi za Kenya unapata kama milioni 280. Tangu hapo wazazi wanaulizana kwenye mabenchi ya kliniki: kumbe sikoseli sasa inapona, sisi tunaipataje hiyo dawa?

Wana haki ya kuuliza, na jibu litafika chini. Lakini mzazi wa kipato cha kawaida ana swali lililo karibu naye zaidi. Nikiwa na elfu kumi, au laki moja, au nikiuza kiwanja nikapata mamilioni, fedha hiyo inamnunulia mwanangu nini? Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: utafiti wa vinasaba umekwisha kutupa vitu vya bei ndogo vinavyookoa maisha, na familia nyingi zinavipita zikiwa mbioni kutafuta vya bei kubwa.

Ugonjwa wenyewe unatokana na herufi moja tu iliyobadilika katika kinasaba kinachotengeneza himoglobini. Mwaka 1957, huko Cambridge, Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa inatofautiana na ya mtu mzima wa afya kwa kiungo kimoja tu cha protini. Kosa hilo dogo linatosha kuifanya chembe nyekundu ijipinde kama mundu oksijeni inapopungua, ikwame kwenye mishipa myembamba na kuleta yale maumivu ya mifupa ambayo wazazi wanayajua. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyojipinda haimalizi hata mwezi.

Mtoto mchanga mwenye selimundu, hata hivyo, haumwi. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliliona hilo mwaka 1948: miezi ya mwanzo mtoto bado anatumia himoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo tumboni, na hiyo haijipindi. Wako pia watu wazima, kwa mfano mashariki mwa Saudi Arabia, ambao miili yao huendelea kuitengeneza kwa wingi, na ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi. Lishike hili, kwa sababu kidonge cha kila siku na tiba ya mabilioni vyote viwili vinaitafuta himoglobini hiyo hiyo ya kichanga.

Tuanze na kipimo, maana ndipo fedha ndogo inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Mtu mwenye AS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haumwi wala hajijui. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu hawa wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa Kanda ya Ziwa, Pwani, Nyanza, Uganda na Kongo, kulikotawala mbu. Makadirio yanayotajwa sana Tanzania ni ya watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, aliyekirithi kwa wote wawili na ndiye mgonjwa. Kila mimba, nasisitiza. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Kumpata wa kwanza mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata wamesalimika.

Maabara zetu zina vipimo vya aina tatu au nne, na tofauti zake ni kubwa kuliko bei zinavyoonyesha. Cha bei ya chini kabisa ni kile ambacho wahudumu hukiita "sickling": tone la damu linanyimwa oksijeni, halafu wanaangalia kama chembe zitajipinda. Kinakwambia kama kuna himoglobini S, basi. Hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hana ilhali anao, kwa sababu damu yake bado imejaa ile ya kichanga. Kwa wachumba wanaotaka kujua mustakabali wao, au kwa mama mwenye kichanga cha wiki mbili, kipimo hiki ni rahisi kwa bei lakini ni ghali kwa madhara. Nenda moja kwa moja kwenye elektroforesisi au mashine ya HPLC, zinazopima kila aina ya himoglobini kwa asilimia. Pale zisipopatikana, viko vipimo vya haraka vya kichomo cha kidole, kama HemoTypeSC na SickleSCAN, vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache bila umeme na vinatofautisha AA (asiye na kinasaba hicho), AS na SS. HemoTypeSC hununuliwa na taasisi kwa chini ya dola 2 kipande. Kwa bei hiyo, fedha ya mgonjwa mmoja wa Casgevy ingenunua vipimo zaidi ya milioni moja, vya kutosha karibu nusu ya watoto wanaozaliwa Tanzania kwa mwaka.

Ukipewa karatasi ya majibu, isome mwenyewe kabla hujaikunja. Ikionyesha Hb A, ile ya kawaida, kama asilimia 58 na Hb S kama asilimia 38, A ikiwa juu ya S, huyo ni AS, si mgonjwa. Ikionyesha Hb S asilimia 85, Hb F (ya kichanga) asilimia 11 na A haipo kabisa, huyo ni SS. Kuna mtego mmoja unaopoteza fedha za watu: mtoto akiwa ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita, karatasi inasoma pia damu ya mchangiaji, na SS anaweza kuonekana AS. Mwambie mtu wa maabara kabla hajachoma sindano.

Saudi Arabia imefanya kipimo hiki kuwa sharti kabla ya ndoa tangu 2004, ingawa wachumba hubaki na uamuzi wao. Kwetu ni hiari, na bado tunapima nguo za harusi mara tatu huku damu hatujaipima hata mara moja. Sisemi AS wawili wasioane. Nasema wakioana waijue hospitali watakayokwenda kumpimisha mtoto wiki ya kwanza.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vipimo vya DNA vya kutema mate kwenye kichupa na kukituma Marekani, ambavyo huuzwa kuanzia dola 100 hivi na kuahidi asili ya ukoo, hatari za magonjwa, hata "umri halisi" wa mwili. Kwa familia yenye wasiwasi wa selimundu sioni sababu ya kuvinunua. Elektroforesisi inajibu swali hilo hilo hapa hapa, na jibu linakaa kwenye faili lako. Taarifa za vinasaba zikishatoka mikononi mwako hazirudi: 23andMe, kampuni maarufu kuliko zote katika biashara hii, ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikachukuliwa, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Aliye Tanzania akumbuke pia kwamba kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inayosimamia ukusanyaji na usafirishaji wa sampuli kama hizo.

Mtoto akishathibitika SS, matumizi ya kwanza ni ya vitu ambavyo havivutii macho. Penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku hadi afikishe miaka mitano: utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi ya bakteria wa nimonia kwenye damu kwa asilimia 84. Chanjo zote za kliniki, ambazo hulipii. Chandarua chenye dawa na kinga ya malaria, kwa sababu kinga ile ya Allison ni ya AS. Mwenye SS malaria humuua upesi. Foliki asidi. Maji ya kunywa mengi.

Halafu kuna ujuzi usiouzwa popote. Huko Jamaika, kliniki ya selimundu iliwafundisha akina mama kupapasa bandama ya mtoto nyumbani, na vifo vya bandama kuvimba ghafla vikapungua sana. Mlaze mtoto chali, magoti yakunjwe kidogo. Weka vidole bapa upande wa kushoto wa tumbo, chini kidogo ya mbavu, msubiri avute pumzi. Bandama ikiwa imekua utaigusa, ngumu na laini ukingoni, inasogea na pumzi. Ijue ilipo siku ambayo mtoto ni mzima. Siku utakayoikuta imeshuka kwa vidole viwili zaidi, mtoto amepauka na amelegea, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Damu yake imejikusanya humo. Mwombe muuguzi wa kliniki akuongoze mkono mara moja, utaweza.

Sasa kidonge. Haidroksiurea ilianza kama dawa ya saratani, na hapo ndipo inapowapoteza wazazi wengi: wanaona neno hilo kwenye karatasi ya ndani ya boksi wanairudisha kabatini. Kwa selimundu hutolewa kwa kiwango cha chini, na kazi yake kubwa ni kuushawishi uloto, kiini cha mifupa kinachotengeneza damu, utengeneze tena himoglobini ya kichanga. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998. Swali lililobaki kwa Afrika lilikuwa kama ni salama penye malaria na lishe duni, na jibu lilitoka hapa hapa. Utafiti wa REACH uliwapa dawa watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakachapishwa 2019. Mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria, ambayo watu waliihofia, ilipungua kwa nusu, kutoka 47 hadi 23. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Katika matibabu yote ninayoyalinganisha hapa, sijui lingine linalompa mtoto wa Mbeya au Bungoma kiasi hicho kwa fedha ambayo mshahara wa kawaida unaweza kuigusa.

Bei yake hutofautiana kati ya duka na duka, kwa hiyo usinunue kwa kuuliza boksi ni kiasi gani. Uliza kapsuli moja ya miligramu 500. Dozi ya kawaida ya kuanzia ni kama miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na daktari huipandisha taratibu. Mtoto wa kilo 25 anahitaji kapsuli moja kila siku: zidisha bei kwa 30 upate mwezi, kwa 365 upate mwaka. Mtoto mdogo zaidi anahitaji dozi isiyogawika kwa kapsuli nzima, na hapo mtafute mfamasia wa hospitali anayeweza kutengeneza ya maji, au akupangie dozi ya wiki kwa siku za kunywa na siku za kuruka. Usifungue kapsuli mezani ukagawa unga kwa kijiko, hasa kama wewe ni mjamzito. Ongeza kwenye hesabu kipimo cha picha kamili ya damu, kila mwezi mwanzoni, baadaye kila miezi miwili au mitatu, kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Nauli pia ihesabiwe. Nimeona familia zinazomudu dawa zikashindwa na nauli.

Na kosa la gharama kubwa ni kuinywa nusu nusu. Haidroksiurea haitulizi maumivu ya leo. Inajenga damu ya miezi ijayo. Anayeinywa wakati wa kuumwa na kuiacha akipata nafuu amelipa fedha bila kupata bidhaa. Kama uwezo wako ni miezi minane kwa mwaka, mwambie daktari ukweli huo mapema, atafute njia ya bima au ya mradi wa hospitali, kuliko kuinywa kwa kubahatisha.

Kuongezewa damu kuna mahali pake. Damu haiuzwi, lakini kitanda, vipimo vya kulinganisha na siku za mzazi kukosa kazi vinalipiwa, na anayeongezewa mara kwa mara hujaza madini ya chuma mwilini, ambayo kuyaondoa kunahitaji dawa nyingine ya bei. Kipimo kimoja kinachoamua nani anahitaji sana ni Dopla ya kichwa, ultrasaundi isiyo na maumivu wala sindano inayopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko katika hatari kubwa ya kiharusi. Mtoto wa miaka 2 hadi 16 afanyiwe kila mwaka panapopatikana. Ukilinganisha bei ya kipimo hicho na gharama ya kumlea mtoto aliyepooza, huwezi kusita.

Kuponya kabisa, hadi sasa, kumefanywa zaidi kwa kupandikiza uloto wa ndugu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kitishu, na mwenye AS anaruhusiwa kutoa. Kwa watoto wenye ndugu anayelingana, zaidi ya tisa katika kila kumi huishi bila ugonjwa. Wengi wamekwenda India kwa ajili hiyo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu hapa nyumbani, jambo linalopunguza tiketi, viza na miezi ya kupanga chumba ughaibuni. Hata hivyo ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na bei unayotajiwa mara nyingi ni ya chumba na upandikizaji peke yake. Kabla ya kuuza chochote, pimeni kwanza ndugu kama wanalingana. Hicho ni kipimo cha damu au mate, na kama hakuna anayelingana, mjadala wa kiwanja umekwisha kwa sasa. Kisha uliza kwa maandishi: dawa za kuzuia uloto kukataliwa, ambazo hutumika miezi mingi, zimo ndani ya bei? Akipata maambukizi akalazwa mwezi wa pili, nani analipa? Dawa kali za maandalizi zitaathiri uwezo wake wa kuzaa, na kuna njia ya kuuhifadhi?

Sasa hiyo ya mabilioni. Kwa Casgevy, seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, na teknolojia ya CRISPR inakata mahali panapoendesha BCL11A, kinasaba ambacho watafiti wa Boston walionyesha mwaka 2008 kwamba ndicho kinachozima himoglobini ya kichanga. Seli hurudishwa baada ya uloto wa zamani kuuawa kwa dawa kali ya kemo. Kwa hiyo si sindano ya asubuhi moja: ni miezi ya maandalizi, wiki kadhaa za kulazwa, na hatari ile ile ya utasa. Mwaka 2023 iliidhinishwa kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Matokeo ni ya kuheshimiwa: wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali. Lyfgenia inaongeza kinasaba kilichorekebishwa badala ya kukata, na ina onyo zito la saratani ya damu. Mwenye ndugu anayelingana sioni afuate nini huko kabla ya kupandikizwa uloto. Asiye na ndugu, na anayeishi Uingereza, ana njia: huduma ya taifa ya afya ya England ilikubali kuilipia Casgevy Januari 2025, bei yake ya orodha ikiwa pauni milioni 1.65, kwa wagonjwa wachache kila mwaka. Kwa aliyeko Mwanza au Kisumu, hakuna kituo kinachoitoa, na mtu anayekuomba amana ili "akuunganishe" mkimbie. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani na Wakfu wa Gates walitangaza kutenga dola milioni 200 kutafuta tiba ya vinasaba ya bei inayowezekana Afrika. Kazi hiyo ndiyo ninayoifuatilia.

Upya na ughali havihakikishi usalama. Oxbryta, kidonge cha zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, kiliingia sokoni 2019 kwa shangwe, na Septemba 2024 Pfizer wakakiondoa duniani kote baada ya takwimu za vifo na mashambulizi kuwatia wasiwasi. Na upande wa pili wa mtaa, wapo wauza mitishamba wanaodai kugeuza SS kuwa AS. Mwombe akuonyeshe karatasi mbili za elektroforesisi za mtu huyo huyo, kabla na baada, bila kuongezewa damu katikati. Hakuna unga wa majani unaobadilisha kinasaba cha uloto, na mtoto anayeachishwa haidroksiurea ili "dawa zisigongane" ndiye anayelipa.

Kwa bima, kabla hujakata, peleka majina matatu kaunta: haidroksiurea, picha kamili ya damu, Dopla ya kichwa. Uliza kila kimoja kimo au hakimo, na kama ugonjwa wa kuzaliwa nao una muda wa kusubiri. Uliza pia nini kinatokea akifikisha miaka 18, kwa sababu mtoto huyu sasa atafika huko, na dozi inakua naye. Kilo 15 ni miligramu 300 kwa siku. Kilo 60 ni miligramu 1,200, karibu sawa na kapsuli mbili leo na tatu kesho, na kwa binti anayetaka kushika mimba ni mazungumzo na daktari miezi mitatu kabla, kwa sababu dawa hii kwa kawaida husimamishwa kwanza.